Kilomita 21 za Kwanza

Nusu marathoni ni mbio za barabarani zenye urefu wa kilomita 21.0975. Desimali hizo ni urithi wa marathoni yenyewe. Kwenye Olimpiki ya London ya mwaka 1908, mbio zilipangwa zianzie kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, na umbali ukatoka kilomita 42.195. Mwaka 1921 urefu huo ukafanywa kipimo rasmi, na nusu yake ndiyo inayokimbiwa leo. Katika Afrika Mashariki watu husema tu "ishirini na moja", na zile mita 97 na nusu za mwisho hazimo katika mazungumzo ya mtu yeyote mpaka siku ya mbio.

Kwa mabingwa, umbali huu ni kazi ya saa moja. Fabiano Joseph wa Tanzania alitwaa ubingwa wa dunia mjini Edmonton, Kanada, mwaka 2005 kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Jacob Kiplimo wa Uganda alimaliza kwa dakika 57 na sekunde 31 mjini Lisbon mwaka 2021. Anayekimbia kwa mara ya kwanza hukaa barabarani saa mbili, mbili na nusu, hata tatu. Tofauti hiyo si ya kasi peke yake. Bingwa anapooga na kunywa chai, mgeni wa mbio bado yuko nje na jua limeshapanda, miguu yake imepiga hatua nyingi zaidi, na akiba ya chakula mwilini inapungua. Ndiyo maana kuiga ratiba ya bingwa, au kasi yake, au raba zake nyembamba za mashindano, ni njia ya mkato ya kwenda kwa daktari wa mifupa. Anayeanza ana somo jingine kabisa, nalo ni kukimbia polepole kwa muda mrefu bila kuona aibu.

Sababu ya upole huo iko mwilini. Mtu akianza mazoezi, vitu vya kwanza kubadilika ni moyo na damu: moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo huongezeka ndani ya misuli, na mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, huzidi kwa idadi na ukubwa. Baada ya wiki tano au sita mkimbiaji hushangaa: kilima kilichokuwa kinamkata pumzi sasa anakipanda huku anaongea. Lakini kano, gegedu na mifupa hujengeka kwa miezi, si kwa wiki. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Pumzi imeshatoa ruhusa, mguu haujatoa. Maumivu ya muundi, ya goti upande wa nje, ya kisigino asubuhi mtu anaposhuka kitandani, yote kwa kawaida huwapata wale ambao mapafu yao yamekwenda mbele ya mifupa yao.

Kipimo cha upole hakihitaji saa ya bei mbaya. Mkimbiaji anayeweza kusema sentensi nzima bila kukatiza kwa ajili ya hewa yuko katika kasi sahihi. Anayejibu neno moja moja amezidisha. Waliopita shule za Tanzania au kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanakijua kipimo hiki bila kufundishwa, kwa sababu mchakamchaka hukimbiwa kwa nyimbo. Kiongozi huita, kundi huitikia, na kundi lisiloweza kuitikia linakuwa limepelekwa mbio kupita kiasi. Mtu anayejiandaa kwa nusu marathoni angefanya vyema kukimbia robo tatu au zaidi ya mazoezi yake yote kwa kasi ya mchakamchaka. Wengi hukataa. Huona kasi hiyo ni ya wazee, wanaongeza, na kila siku ya mazoezi inageuka mashindano madogo na nafsi zao.

Mtu mwenye afya anayeweza kukimbia kilomita tano mfululizo, hata kwa kujikongoja, anahitaji takriban wiki kumi na mbili hadi kumi na nne za maandalizi. Asiyefika hapo aanze nyuma zaidi, kwa kukimbia dakika mbili na kutembea dakika moja mpaka kutembea kupungue kwenyewe. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au aliyewahi kubanwa kifua, pamoja na aliyevuka miaka 40 bila mazoezi, aonane na daktari kwanza. Na malaria haina mazungumzo: anayeumwa hakimbii, na aliyemaliza dawa hurudi barabarani pale nguvu zinapokuwa zimerudi kweli, si pale homa iliposhuka.

Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha. Mbili ni za mbio fupi za upole, dakika 30 hadi 50. Moja, kama mwili unakubali, inaweza kuwa na vipande vya kasi au vilima. Iliyobaki ndiyo siku yenye uzito, ile ya mbio ndefu, ambayo kwa wengi huwa Jumamosi au Jumapili alfajiri. Mbio ndefu huanza na kilomita saba au nane na kuongezwa kilomita moja au mbili kila wiki, lakini si kwa mstari ulionyooka: baada ya kila wiki mbili au tatu za kupanda, wiki moja hupunguzwa ili mwili ushike ulichopewa. Mtu anaweza kwenda 8, 9, 11, kisha kurudi 8. Halafu 12, 13, 15, akarudi 10. Hatimaye 16 na 18. Si lazima kufika 21 kabla ya siku yenyewe. Aliyekimbia 18 kwa utulivu atazimaliza tatu zilizobaki kwa msaada wa umati, na anayejilazimisha kukimbia 21 mazoezini mara nyingi huacha hapo nguvu alizokusudia kuzitumia mbioni.

Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza. Umbali hushuka hadi theluthi mbili, kisha nusu au chini ya hapo, huku kasi ikibaki ileile. Katika siku hizo mkimbiaji huanza kusikia maumivu yasiyokuwepo, hulala vibaya, na akipanda mizani hukuta ameongezeka kilo moja. Hakuna kilichoharibika. Misuli inajaza glaikojeni, wanga wa akiba, na kila gramu yake huhifadhiwa pamoja na takriban gramu tatu za maji.

Mahali pa kukimbilia panataka akili. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo mkimbiaji hushika upande wa kulia aone kinachomjia. Bodaboda, hata hivyo, hutokea popote, na asiyevaa nguo ya kung'aa alfajiri anawategemea madereva kuliko inavyofaa. Kukimbia kwa kundi ni salama zaidi, hasa kwa wanawake, na vikundi vya joging sasa viko karibu kila mtaa wa miji mikubwa. Ufukwe unavutia, lakini mchanga mkavu hukaza kano za kisigino, na ule mgumu wa maji kupwa huwa na mteremko: mguu wa upande wa bahari unakanyaga chini kuliko mwenzake kwa kilomita zote, na nyonga hulipa. Anayeutaka ufukwe na aende na kurudi njia ileile, ili miguu ibadilishane mzigo. Hewa ya pwani nayo imejaa unyevu. Jasho haliwezi kukauka, linachuruzika tu, na mwili haupoi. Kasi ambayo ni ya upole Arusha yaweza kuwa ya kuumiza Dar es Salaam au Mombasa, na si dalili ya udhaifu kupunguza.

Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi, na mwaka 2026 Februari na Machi, ndani ya msimu wa mbio kadhaa. Wanaofunga na kuendelea na mazoezi wengi hukimbia mbio fupi muda mfupi kabla ya futari, ili maji yawe karibu, au saa mbili tatu baada ya kufuturu. Mbio ndefu hufupishwa au husogezwa usiku. Mwezi huo ni wa kutunza kilichopatikana. Kuongeza umbali kunaweza kusubiri.

Kuhusu raba, maneno ni mengi kuliko mambo. Iwe inamkaa mtu vizuri, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba, kwa kuwa mguu huvimba katika mbio ndefu. Raba za mtumba za masoko ya Karume au Gikomba zinaweza kuwa nzuri sana kwa nje huku povu la soli limeshakufa: lenye makunyanzi ubavuni, au lisilobonyea kabisa likiminywa kwa kidole, limekwisha kazi. Raba nyingi za mbio huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800. Soksi za pamba tupu hushika jasho na kuleta malengelenge, na mafuta ya mgando yapakwe mapajani, kwapani na kwenye chuchu kabla ya kila mbio ndefu. Fulana inayogawiwa na waandaaji ni ya kuvaa baada ya mbio, ingawa ukiangalia mstari wa kuanzia utadhani ni sare ya lazima. Mshono ambao haujawahi kujaribiwa hujulikana tabia zake kwenye kilomita ya 14, na hapo hakuna pa kubadilishia.

Chakula hakihitaji maajabu. Mtu wa kilo 70 hutumia takriban kilokalori 70 kwa kilomita, yaani karibu 1,500 kwa nusu marathoni nzima, na misuli pamoja na ini vilivyoshiba vizuri hubeba akiba ya wanga inayokaribia 2,000. Hapa ndipo nusu marathoni inapokuwa na huruma kuliko marathoni kamili: mtu akila vizuri siku mbili kabla, na asipokimbia kwa pupa, akiba hufika. Ugali, wali, viazi vitamu, mihogo na ndizi vinafanya kazi hiyo. Maharage ya usiku wa kuamkia mbio ni uamuzi ambao tumbo litaukumbuka. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, uji au mkate na chai vinatosha, mradi ni vitu vilivyokwisha kujaribiwa kwenye mbio ndefu za mazoezi. Anayetarajia kukaa njiani zaidi ya saa mbili abebe kitu kitamu kidogo, kama tende au jeli ya wakimbiaji, aanze kukitumia kabla njaa haijabisha hodi.

Mbio zenyewe hueleweka zaidi zikitazamwa mahali maalumu, na kwa Watanzania wengi mahali pa kwanza ni Moshi. Kilimanjaro Marathon hufanyika Jumapili ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika, nayo ina mbio za kilomita 42, za 21 na za kujifurahisha za kilomita 5. Kituo chake ni uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Njia ya nusu marathoni hutoka mjini na kushika barabara ya Mweka, ikipanda kuelekea mlimani kati ya migomba na kahawa ya Wachaga, kisha hugeuka na kurudi ilikotoka. Kutoka mjini hadi mgeuko mkimbiaji hupanda karibu mita 300. Mwinuko huo si ukuta. Ni barabara inayokataa kulala. Mgeni huangalia mbele, haoni kilima chochote cha kutisha, na hashangai mpaka saa yake imwonyeshe kuwa amepoteza dakika nzima kwa kila kilomita.

Njia ya namna hii humfunza mtu kwa nguvu kile ambacho njia tambarare humwacha ajifunze akipenda. Umati unapoachiwa, muziki unapiga, damu imechangamka kwa wiki mbili za kupumzika, na kasi ya kilomita ya kwanza huonekana rahisi hata ikiwa ni ya haraka kwa dakika moja kupita uwezo. Kwenye tambarare, gharama yake huja kilomita ya 16. Moshi, huja kilomita ya 5. Aliyezoea kukimbia kilomita kwa dakika 7 mahali tambarare asishangae kuona 8 au zaidi akipanda Mweka, na asiibadili. Kinachotakiwa kubaki sawa ni pumzi, si kasi. Kutembea vipande vyenye mwinuko mkali si kushindwa. Anayetembea kwa hatua ndefu na za haraka hupitwa kidogo tu na anayekimbia kwa kuhema, na mara nyingi humkuta baadaye ameshika magoti.

Baada ya mgeuko mambo hugeuka kweli. Mteremko unaita, na wengi huachia. Lakini kushuka kuna adhabu iliyojificha. Kila hatua ya kushuka huilazimisha misuli ya mbele ya paja kujivuta urefu huku inakaza ili kuzuia mwili usianguke, na kazi ya namna hiyo huichana nyuzi zake kuliko kupanda kunavyofanya. Maumivu hayasikiki papo hapo. Dalili ya kwanza ni mapaja kutetemeka barabara inapokaribia kulala tena, mjini, jua likiwa limeshawaka. Dawa yake ni hatua fupi na za haraka, mwili ukiinama mbele kidogo, bila kuchomeka kisigino kama breki. Dawa bora zaidi huanza wiki kadhaa nyuma: misuli iliyokwisha kuonja mteremko mara moja mbili hupungua kuumia safari ifuatayo, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Mkazi wa Dar es Salaam anayekwenda Moshi bila kushuka kilima chochote tangu Desemba anajitakia.

Hesabu ya muda ifanywe kabla, kwa uaminifu. Kilomita moja kwa dakika 6 huleta saa 2, dakika 6 na sekunde 35. Kwa dakika 7, saa 2, dakika 27 na sekunde 41. Kwa dakika 8, saa 2, dakika 48 na sekunde 47. Hizo ni za tambarare. Hata hivyo, lengo la busara kwa mara ya kwanza ni kumaliza kwa kukimbia kilomita tatu za mwisho upesi kuliko tatu za mwanzo, na hilo haliandikwi kwenye cheti chochote.

Maji ni jambo ambalo ushauri wa zamani uliwapotosha watu. Wakimbiaji walihimizwa wanywe kabla ya kiu, wanywe kila kituo, wanywe kwa wingi. Sasa inajulikana kuwa mkimbiaji wa taratibu anayekunywa kupita kiasi anaweza kuipunguza chumvi kwenye damu hadi akavurugika akili, akatapika, na katika visa vibaya ubongo ukavimba na mtu akafa. Anayemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa mno. Kiu ni kiongozi wa kuaminika: mafunda machache kwa kila kituo yanatosha wengi, na maji mengine yafaa zaidi yakimwagwa kichwani na shingoni. Kikombe kikibanwa mdomo kuwa mwembamba, mtu hunywa akiendelea kutembea bila kupaliwa.

Jambo jingine la kuacha ni vidonge vya maumivu kabla ya mbio. Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana kirahisi kila duka la dawa, na wapo wanaozimeza kama kinga. Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, wakati uleule joto na jasho vinaipunguza pia, na huunguza tumbo. Maumivu yanayohitaji kidonge kabla ya kilomita 21 ni sababu ya kutokimbia kilomita 21. Kizunguzungu, kifua kubana, baridi na msisimko wa ngozi wakati jua linawaka, au kuanza kuyumba, ni sababu za kusimama na kuwaita watoa huduma ya kwanza hata kama mstari wa mwisho unaonekana.

Aliyemaliza asikae chini mara moja. Misuli ya miguu ikiacha kusukuma damu ghafla, shinikizo hushuka na mtu huanguka akiwa na medali shingoni. Dakika kumi za kutembea, nguo kavu, maji kidogo kidogo, na chakula chenye wanga na protini ndani ya saa moja au mbili vinatosha kwa kuanzia. Maumivu ya mapaja hufika kileleni siku ya pili, hasa kwa waliokimbia Moshi, na huonekana zaidi wakati wa kushuka ngazi kuliko kupanda. Wanaopanda basi usiku huohuo kurudi Dar es Salaam hufanya vyema kusimama na kujinyoosha kila basi linapotua. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, pamoja na misuli iliyovimba na kuuma mno, ni jambo la hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa misuli iliyovunjika huweza kuziba figo. Kucha iliyogeuka nyeusi haitaki chochote: itaanguka yenyewe, na mpya itakuwa inaota chini yake.

Siku tatu au nne za kwanza ni za kutembea tu, au kuogelea kwa walio karibu na maji. Mbio fupi za upole hurudi kuelekea mwisho wa wiki, na mbio ndefu baada ya wiki mbili hivi. Muda wa Moshi haulinganishwi na wa Dar es Salaam wala wa Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600 na yenye hewa nyepesi. Anayetaka kujua kasi yake halisi achague njia tambarare ya mwinuko mdogo, ajiandae tena wiki kumi, na aanze hesabu upya.